Venice baada ya Idi: safari tunayoipima kabla ya kuikata



Sisi ni ndugu wawili wa tumbo moja. Tulimaliza skuli kidato cha nne, tukasomea ushoni, na sasa ni mwaka wa 11 tuna duka letu hapa Mjini, Unguja. Wengi wenu mnatujua kwa nguo za Idi na magauni ya harusi. Siku hizi kila anayetuletea kitambaa, kabla hatujamzungusha futi kiunoni, anatuuliza: "Ni kweli mnakwenda Italia?"

Jibu ni ndiyo, In shaa Allah. Tunakwenda Venice mwezi wa Aprili 2027. Wenzetu wa Ulaya huita wakati huo majira ya machipuko: baridi inaondoka, miti inachanua. Kwetu wakati huo ni masika, mvua inanyesha mchana kutwa na biashara imelala. Kwa kuwa maswali ni mengi, tumeona tuandike hapa mpango wetu wote, pamoja na yale mazungumzo ya nyumbani yaliyotufanya tuubadilishe.

Kwa nini Venice

Mama yetu ni mshonaji wa kofia. Anashona zile za viua, zenye vitobo vidogo vidogo vilivyozungushiwa uzi kwa sindano mpaka nakshi itokeze. Kofia moja nzuri humchukua wiki kadhaa. Sisi tumesomeshwa kwa kofia hizo, na daftari zetu za skuli zilinunuliwa kwa vitobo hivyo.

Leo sokoni zimejaa kofia za mashine kutoka nje. Ukizitazama kwa mbali huzitofautishi na za mkono, na bei yake haifiki hata robo. Mteja anasema, "Mama, mbona yako ghali?" Mama anachoka kueleza.

Miaka miwili nyuma aliingia dukani mgeni mmoja, mwanamke wa Kitaliana, kutaka kupunguziwa pindo la gauni. Mama alikuwa amekaa mlangoni na kofia yake. Yule mgeni alisahau gauni, akachutama mbele ya Mama akitazama sindano inavyokwenda. Kwa Kiingereza chake na chetu cha kuungaunga akatueleza kwamba karibu na Venice kuna kisiwa kinaitwa Burano, wanaume wake wavuvi, wanawake wake washonaji wa lesi kwa sindano, na kwamba bibi yake alikuwa mmoja wao. Tulipomtafsiria Mama, hakuuliza kisiwa kiko wapi. Aliuliza, "Na hao wanalipwa?"

Swali hilo lilikaa na sisi. Tukaanza kusoma, usiku baada ya kufunga duka, kwenye simu.

Tulisoma kwamba lesi ya Burano haina kitambaa chini yake. Sisi tunadarizi juu ya kitambaa. Wao wanachora nakshi kwenye karatasi, wanapitisha uzi juu ya mchoro, wanajaza kwa sindano tundu baada ya tundu, kisha karatasi inatolewa na lesi inabaki peke yake. Kwa Kitaliana huitwa "punto in aria", yaani mshono wa hewani. Kazi hugawanywa: huyu anashika hatua yake, akimaliza anampa mwenzake, mpaka kipande kimoja kimepita mikono ya wanawake kadhaa.

Ufundi huo ulikuwa na heshima kubwa tangu karne ya 16, ukaja ukafifia. Mwaka 1872 ilifunguliwa skuli ya lesi pale Burano, wakati wa shida kubwa ya wavuvi, ili wanawake wapate kipato. Skuli hiyo ilifungwa mwaka 1970. Tangu 1981 jengo lake ni makumbusho ya lesi, na mafundi wa zamani hukaa humo wakishona mbele ya wageni. Kwenye maduka ya nje, lesi nyingi inayouzwa ni ya mashine, na nyingine haikutengenezwa hata Italia. Tuliposoma hapo tulitazamana. Ni hadithi ya kofia ya Mama, ila wao wameitangulia kwa miaka 100.

Basi tunachokwenda kukitafuta ni jawabu la Mama. Tunataka kuona mwanamke anayeshona kwa mkono anapangaje bei, anamwonyeshaje mteja tofauti na ya mashine, na nani anawafundisha wasichana wadogo. Tukirudi na majibu hayo, tuna nia ya kuanzisha chumba cha kofia nyuma ya duka, Mama awe mwalimu.

Maneno ya nyumbani

Tulidhani Mama atafurahi. Alinyamaza, akaweka sindano chini, akasema: "Pesa ya kwanza ya ndege mnayoipata, inaelekea Ulaya? Kaaba hamuioni?"

Hapo ndipo tulipogawanyika, sisi ambao hatujawahi kugawanyika hata kwa rangi ya uzi. Mmoja wetu alisema Mama ana haki. Mwengine alisema macho ya Mama yana mtoto wa jicho, na kila mwaka tukichelewa anashona kidogo zaidi. Tukingoja mno, jawabu litafika wakati mkono umeshaacha kazi. Wiki nzima tulikuwa tunazungumza habari za wateja tu. Cherehani mbili, kimya.

Mwisho tukamwendea ustadha wetu wa madrasa. Hakutukataza safari. Alitukumbusha kwamba kwa madhehebu yetu ya Shafi, Umra mara moja katika umri ni faradhi kwa mwenye uwezo, kama ilivyo Hija. Mtu anaweza kuiakhirisha kwa nia ya kweli ya kuitimiza, lakini kuiharakisha ni bora, kwani hakuna aliyepewa ahadi ya mwakani. Kisha akauliza, "Na maharimu wenu nani?" Akasema safari ya matembezi na biashara si kama Hija ya faradhi, tusiichukulie wepesi.

Tulirudi nyumbani tukakaa na Mama na mdogo wetu wa kiume, ambaye ni mvuvi. Tukahesabu upya. Pesa za kibati cha miaka 2, ambazo tulikuwa tumeziandika Venice, tumezihamishia Umra. Tunakwenda wote wanne, In shaa Allah, Mfunguo Saba wa mwaka huu wa 2026. Pesa hazikutosha, mmoja wetu akauza bangili zake 2. Venice tumeisogeza mwaka mzima, na mdogo wetu atafuatana nasi awe maharimu. Hilo limeongeza tikiti ya tatu, viza ya tatu na kitanda cha tatu. Yeye hana malalamiko. Anataka kuona vyombo vya wavuvi wa Burano.

Macho ya Mama tumeyapeleka kwa daktari, na tarehe ya kusafishwa jicho la kwanza ameshapewa. Yule aliyekuwa na haraka amekubali, ingawa hakukubali siku ile ile.

Tunaandika haya kwa sababu tunajua wako dada wengi wana pesa kidogo waliyojinyima na ndoto mbili zinazoigombania. Hatuna fatwa ya kumpa mtu. Sisi tulichofanya ni kupanga foleni: kwanza cha Mungu, kisha cha mzazi, kisha chetu. Chetu hatukukifuta, tumekipa tarehe.

Tarehe tulivyozipanga

Kushona kuna misimu yake. Shaaban na Ramadhani hatulali. Mwaka 2027 Ramadhani inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, na Idi karibu na tarehe 10 Machi, kwa kuandama mwezi. Mfunguo Mosi wote ni harusi. Harusi zikipungua masika yanakuwa yameshika, mahoteli mengi ya mashamba yamefunga, wateja wetu wa kule hawapo. Hapo ndipo tutakapofunga duka bila ya kupoteza mtu.

Upande wa pili tumeitazama kalenda ya Italia. Pasaka ya 2027 ni tarehe 28 Machi, na wiki ile miji yao hufurika. Tarehe 25 Aprili ni sikukuu ya taifa, na Venice pia ni siku ya mtakatifu wao Marko. Basi sisi tumechagua katikati: kuondoka tarehe 10 Aprili na kurudi tarehe 19. Idi kubwa inatarajiwa katikati ya Mei, kwa hiyo tutarudi na muda wa kutosha wa kupokea vitambaa.

Aprili pia inatufaa kwa mambo mawili. Maji ya bahari kupanda mpaka barabarani, ambayo Venice inajulikana nayo, huwa zaidi miezi ya vuli na baridi. Mwaka 2019 mwezi wa Novemba yalifika sentimita 187. Tangu 2020 wana malango makubwa baharini yanayoinuliwa kuyazuia. La pili ni baridi yenyewe. Asubuhi ni baridi ya kutaka sweta na koti, mchana jua ni la kiasi. Sisi wa joto tutavaa tabaka: fulana ya mikono mirefu, sweta, abaya ya kitambaa kizito yenye bitana, na soksi. Abaya hizo tumeshazikata.

Viza na karatasi

Hapa ndipo pesa inapoweza kupotea, tuwe wazi. Viza ya Schengen ni yuro 90 kwa mtu mzima, na ukinyimwa hairudi. Kwetu watatu ni yuro 270 kabla hata ya kuona ndege. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasipungue siku 15 kabla. Sisi tutapeleka Januari, kabla ya pilikapilika za Ramadhani. Ubalozi wa Italia uko Dar es Salaam, kwa hiyo tumeweka na nauli ya boti.

Wanachotaka kukijua ni vitu vitatu: unakwenda kufanya nini, nani analipa, na nini kitakurudisha kwenu. Kwa hilo tunakusanya karatasi tangu sasa. Leseni ya biashara, karatasi za kodi, mkataba wa kukodi duka, taarifa za benki. Dada zetu, wengi wetu tunaweka pesa ndani ya mkebe na kwenye simu, benki haituoni. Tangu mwaka jana kila malipo ya harusi tunayapitisha benki, hata kama tutayatoa siku ya pili. Mdogo wetu naye, ambaye pesa yake yote ilikuwa mfukoni na harufu ya samaki, amefungua akaunti na ana cheti cha chombo chake.

Bima ya safari ni lazima, na isipungue yuro 30,000 kwa matibabu. Tikiti za ndege hatutazilipia kabla ya viza. Tutaweka nafasi inayofutika, na hoteli vile vile.

Umra yenyewe, ambayo hatuifanyi kwa ajili ya mihuri, itatuachia pasipoti zenye kuonyesha kwamba tuliwahi kusafiri na tukarudi. Mama aliposikia hivyo alicheka, "Basi mnaona!"

Njia, malazi na mguu

Waitalia wanatujua sisi kuliko tunavyowajua wao. Nenda Kiwengwa, watoto wanakusalimia "ciao". Ndege za watalii huja Unguja kutoka Milan na Roma. Sisi tunapanga kushuka Milan kisha kupanda treni, ambayo ni mwendo wa kama saa mbili na nusu mpaka Venice.

Mji wa kale wa Venice umejengwa juu ya visiwa vidogo zaidi ya 100 vilivyounganishwa kwa madaraja zaidi ya 400. Hakuna gari wala pikipiki. Unakwenda kwa mguu au kwa boti ya abiria inayoitwa vaporetto. Tikiti moja ya boti ni yuro 9.50 kwa dakika 75, ghali kwa mtu wa kupanda na kushuka, kwa hiyo tutanunua ya siku nyingi. Anayetoka Mji Mkongwe hatapata tabu na vichochoro, ila madaraja yana ngazi. Begi kubwa la magurudumu ni adhabu. Kila mmoja wetu atabeba moja dogo.

Kulala ndani ya mji wa kale ni ghali. Ng'ambo, bara, kuna Mestre, dakika kama 10 kwa treni, vyumba nafuu zaidi. Kitu kingine cha kujua: tangu 2024 Venice inatoza ada wageni wa kutwa katika siku maalumu za msimu. Ilianza yuro 5, na 2025 ikawa yuro 5 kwa anayelipa mapema na 10 kwa anayechelewa. Mgeni anayelala hoteli ya manispaa ya Venice, hata ikiwa Mestre, hailipi ada hiyo, kwani tayari hulipa kodi ya usiku hotelini. Lakini lazima ajiandikishe kwenye mtandao wao apate namba ya msamaha.

Chakula na sala

Mestre ina Waislamu wengi, khasa watu wa Bangladesh, na maduka ya nyama ya halali. Hilo ndilo lililotuamulia tulale huko. Mchana tutakula samaki. Venice ni watu wa bahari: wana sardini wa kukaanga waliolazwa kwenye vitunguu, siki na zabibu kavu, na wana ngisi wa kupikwa na wino wake, pembeni polenta, ambayo ni unga wa mahindi uliosongwa. Mdogo wetu anasema, "Sembe na ngisi, sasa tumetoka nyumbani kwenda wapi?" Lakini tahadhari: mchuzi wa samaki mara nyingi hutiwa mvinyo. Kwa hiyo tunajifunza kuuliza "senza vino?", bila mvinyo, na kusema "non mangiamo maiale", hatuli nguruwe. Tunarudia maneno hayo tukipiga pasi.

Kibla kwetu Unguja ni karibu kaskazini sawasawa. Kutoka Venice ni kusini-mashariki. Saa zao wakati huo ni moja nyuma yetu tu, lakini jua lao la Aprili ni refu: Magharibi huingia karibu na saa 2 usiku, Isha baada ya saa 3. Na kwa kuwa tunanuia kukaa zaidi ya siku 4 mahali pamoja, kwa madhehebu yetu tutasali kamili, hatutapunguza. Mkeka mwembamba wa kukunja tumeshona wenyewe, unaingia kwenye mkoba.

Tutakayoyaona

Siku mbili ni za Burano. Boti namba 12 inaondoka upande wa kaskazini wa mji, panapoitwa Fondamente Nove. Siku ya kwanza ni ya makumbusho na kutazama. Siku ya pili ni ya maswali, tukishazoeleka.

Siku moja ni ya kiwanda cha mahameli cha Luigi Bevilacqua, kilichoanzishwa 1875, ambacho bado kinafuma kwa mikono kwenye mitambo ya mbao ya karne ya 18. Mahameli yao ya nakshi ngumu hutoka kiasi cha sentimita 30 kwa siku. Fikirini, dada, siku nzima kwa kipande kisichotosha mkono wa gauni! Kuingia ni kwa miadi, na miadi tutaiomba mapema. Nyingine ni ya Palazzo Mocenigo, makumbusho ya nguo na vitambaa vya zamani.

Murano tutapita. Moto wa vioo ulihamishiwa huko mwaka 1291 kwa hofu ya kuunguza mji. Ushanga wa Venice uliletwa mpaka Unguja karne ya 19, ukachukuliwa na misafara kwenda bara pamoja na nguo za merikani. Huenda kwenye sanduku la bibi wa mmoja wenu umo mpaka leo.

Na kuna mambo mawili tuliyoyapata katika kusoma yakatufanya tujione si wageni kabisa. Venice ina kiwanda kikubwa cha zamani cha kuunda merikebu, Arsenale. Jina hilo lina asili ya Kiarabu, dar as-sinaa, nyumba ya ufundi, na "sinaa" hiyo ndiyo "sanaa" yetu. La pili: Qurani nzima ya Kiarabu iliyopigwa chapa mara ya kwanza, ilipigwa Venice, mnamo 1537 hadi 1538, na Paganino Paganini na mwanawe Alessandro. Kwa karne nyingi haikuonekana nakala hata moja, watu wakadhani ni hadithi tu. Mwaka 1987 Angela Nuovo, mtaalamu wa vitabu wa Kitaliana, aliipata moja kwenye maktaba ya watawa wa kisiwa cha San Michele. Ina makosa mengi ya herufi. Ustadha wetu alipoisikia habari hiyo alisema, "Basi hata waliokuwa mbali waliitamani kuishika."

Hata Waislamu waliwahi kuwa na mahali pao. Kuanzia 1621 wafanyabiashara wa dola ya Uthmaniya walipewa jumba kwenye mfereji mkuu, Fondaco dei Turchi, lenye ghala, vyumba, hamamu na mahali pa kusali. Leo ni makumbusho ya viumbe. Tutapita mbele yake na abaya zetu.

Mkebe na daftari

Baada ya kibati kwenda Umra tumeanza upya. Kila gauni la harusi linalotoka dukani linaacha shilingi 15,000 kwenye mkebe. Abaya shilingi 5,000. Kushona pindo hakuachi kitu, pindo ni chai yetu. Ijumaa tunahesabu mbele ya Mama, tunapeleka benki. Ikifika Desemba hatujatimiza viza, bima na tikiti, tutasogeza tena. Kukopa kwa ajili ya safari hii tumekataa wote wanne.

Na Mama? Tangu siku ile ya hesabu hajalitaja tena jambo la Ulaya, si kwa wema wala kwa ubaya. Juzi tukamkuta ameanza kofia mpya, vitobo vidogo kuliko vyote tuliyowahi kumwona akivitoboa, uzi wa rangi ya maziwa. Tulimuuliza ya mteja gani. Akasema ni ya kupeleka kwa wale wenzake wa kisiwani, waitazame ndani na nje. Halafu akatupa masharti: tusiiuze kwa bei yoyote, na wao watuonyeshe lesi yao upande wa nyuma, kwani fundi hujulikana kwa upande wa nyuma.

Daftari la maswali tayari lina kurasa 4. La kwanza ni lake. Ukiwa na swali la biashara ya mkono ungependa tuwaulize mafundi wale, pita dukani tuliandike. Tombeeni tufike Makka kwanza, na tukirudi kutoka Venice tutawaandikia bei tulizoziona, kwa yuro na kwa shilingi.